Ukibebwa

Kompyuta inayocheza vibaya kwa makusudi ili wewe ushinde, imekusaidia au imekudanganya? Swali hili liliigawa timu yetu ya watu wanne kwa karibu wiki tatu. Kwa kuwa lilizuka katikati ya muhula, wakati kila mtu ana kazi nyingine nne za kukabidhi, tulilijadili zaidi ndani ya daladala na kwenye foleni ya chakula kuliko darasani. Mhadhiri wetu alitaka gemu inayochezeka. Falsafa haikutengewa alama.

Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta hapa Dar es Salaam. Somo lenyewe ni la kubuni na kuprogramu gemu, na halina mtihani wa mwisho: kuna mradi mmoja tu wa kikundi, unaanza wiki ya pili na unakabidhiwa wiki ya kumi na nne. Tulichagua kutengeneza bao. Injini tuliyotumia ni Godot, kazi iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Ni ya bure, na sifa yake kubwa kwetu ni kwamba inafunguka kwenye laptopu ya mwanafunzi bila feni kupiga kelele kama jenereta.

Kabla sijafika kwenye ugomvi, niseme kidogo kuhusu sheria, maana ni hapo nilipojifunza kuprogramu kuliko mahali pengine popote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za nane, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na nyingine 22 anazo mkononi, anazinamua moja moja. Mpaka hapo ni hesabu. Tabu inaanza na maneno ambayo wazee wanayasema bila kuyafikiria. Nilikwenda na daftari kwenye kijiwe kimoja Magomeni, nikamuuliza mzee mmoja nini kinatokea usambazaji wa kete ukiishia kwenye nyumba.

“Inategemea, mwanangu.”

“Inategemea nini, mzee?”

“Kama nyumba bado ni nyumba.”

Nilidhani ananitania. Kumbe jibu lake lilikuwa sahihi kuliko lile nililokuwa nimelisoma kwenye intaneti: nyumba ina heshima yake mpaka ivunjwe, na ikishavunjwa ni shimo kama mashimo mengine. Lakini kompyuta haielewi “bado”. Inataka uiambie “bado” inaanza lini na inaisha lini. Neno moja la mzee likawa mistari kumi na tisa ya msimbo, na hiyo ni baada ya kuifupisha.

Au chukua suala la kulala. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Isipoangukia shimo tupu, unaendelea. Sasa, kinadharia inawezekana mpangilio fulani wa kete ukazunguka bila kukoma, kete zinasambazwa na kusambazwa tena milele. Kijiweni hakuna anayeogopa jambo hilo, kwa sababu binadamu atachoka, atacheka, au ataitwa kula. Kompyuta haichoki. Ukiiachia itasambaza kete mpaka betri ife, kwa utiifu wa kusikitisha. Ilibidi tuweke kikomo, na tulipoulizana kikomo kiwe wapi tuligundua kwamba hakuna sheria inayosema. Kinachozuia ni watu walioketi pembeni wakitazama.

Naona hili ndilo jambo kubwa nililolipata katika mradi ule. Sheria za mchezo wa kijiweni zinakaa nusu ubaoni na nusu kwa watazamaji. Ukikosea kusambaza, mtu atasema “eeh!” kabla hujamaliza. Kila kitu kiko wazi: hakuna dadu, hakuna karata za kufunika, kete zote 64 zinaonekana au ziko mkononi mwa mtu anayejulikana anazo ngapi. Bao ni mchezo usio na kificho. Kisha sisi tunauchukua, tunauweka ndani ya kioo, na ghafla upande mmoja wa ubao hakuna mtu, na nyuma ya upande huo kuna mashine ambayo hakuna mtazamaji anayeweza kuipigia “eeh!”

Mpinzani wetu wa kompyuta tulimwita Babu. Babu anafikiri kwa njia ya zamani sana katika fani hii: anajaribu kila hatua anayoweza kucheza, kwa kila hatua anajaribu kila jibu lako, kisha jibu lake kwa jibu lako, mpaka hatua nne mbele. Mwishoni anahesabu nani ana kete nyingi na mashimo gani yako salama, na anachagua njia itakayomweka pazuri hata kama wewe utacheza vizuri kuliko inavyotarajiwa. Hatua nne si nyingi. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya umahiri wa mabingwa wa bao Zanzibar, na mabingwa wa namna hiyo wangemfunga Babu wetu huku wakipiga soga. Lakini kwa mwanafunzi aliyeona bao mara ya mwisho likizo ya darasa la tano, hatua nne ni ukuta.

Tulipowaletea watu kumi na wawili wa hosteli waijaribu, wengi walifungwa mara mbili, tatu, wakaturudishia laptopu kwa adabu. Mmoja aliuliza kama Babu amewahi kufungwa na mtu yeyote. Aliuliza kwa upole, kama anaulizia hali ya mgonjwa.

Ndipo mwenzetu mmoja, yule aliyechora ubao na ndevu za Babu, akaandika fanksheni fupi na kuipa jina “beba”. Inafanya kazi hivi: ukifungwa mara mbili mfululizo, Babu anaendelea kutafuta hatua bora kama kawaida, lakini baadhi ya zamu anaiacha na kucheza ya tatu kwa ubora. Kwenye kioo hakuna kinachobadilika. Babu anakuna ndevu vilevile, anasita vilevile, kisha anakuachia nyumba wazi. Tulipojaribu tena na kikundi kingine, watu walikaa. Walishinda, wakashangilia, wakaomba tena.

Jina lile lilikuwa na maana zaidi ya alivyokusudia. Kwenye mpira, ukisema timu imebebwa umemaliza kila kitu, hata kombe lao si kombe tena. Lakini mama anambeba mtoto na hakuna anayeona aibu, na wahenga wanampa ushauri yule aliye mgongoni: ukibebwa, bebeka. Methali haimlaumu anayebebwa. Inamtaka ajishikilie. Lakini ili ujishikilie ni lazima ujue kwamba uko mgongoni.

Mwenzetu hakuwa mtu wa kuokota hoja barabarani. Alitukumbusha kwamba karibu kila gemu tunayoipenda inafanya mambo nyuma ya pazia. Katika gemu za kuruka majukwaa, ukichelewa kidogo kubonyeza, tayari umeshapita ukingo na uko hewani, gemu inakuruhusu kuruka kana kwamba mguu bado uko kwenye ardhi. Wabunifu wameipa hila hiyo jina la yule mbweha wa katuni anayekimbia hewani mpaka atazame chini. Katika BioShock ya mwaka 2007, kwa maelezo ya mmoja wa wabunifu wake, risasi ya kwanza ya adui hukukosa kila mara, ili usife bila kujua umepigwa kutoka wapi. Katika mfululizo wa Fire Emblem, kuanzia toleo la mwaka 2002, gemu nyingi zinachukua namba mbili za bahati na kuzigawa kwa mbili badala ya kutumia moja, kwa hiyo ukiambiwa uwezekano wa kulenga ni asilimia 80, ukweli wake ni kama asilimia 92. Na Sid Meier, baba wa Civilization, alieleza San Francisco mwaka 2010 jinsi wachezaji walivyokasirika kushindwa vita walivyokuwa na uwezekano wa tatu kwa moja, mpaka timu yake ikabadilisha hesabu zifuate hisia za watu.

Kwa hiyo, alisema, wote wanadanganya, na wote tunawapenda.

Nilitafuta jibu kwa siku kadhaa, na sehemu yake niliipata kwa Babu mwenyewe. Babu anapata jibu lake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ule muda anaokuna ndevu ni wa bure, tuliuongeza sisi, sekunde mbili kamili, kwa sababu mpinzani anayejibu papo hapo anatisha na kuudhi. Huo pia ni uongo, ukitaka kuuita hivyo. Lakini nilipomweleza rafiki yangu mmoja aliyekuwa akicheza, alicheka, akasema “kumbe ananizuga,” akaendelea kucheza. Hakupoteza kitu. Mchezaji wa majukwaa naye ukimwambia kwamba umemwongezea nafasi ndogo ya kuruka, atakushukuru. Sasa mwambie aliyemshinda Babu kwamba Babu aliacha. Hapo utakuwa umechukua kitu mkononi mwake.

Kipimo changu kikawa hicho: zawadi ile ikifunuliwa, inabaki? Sikukibuni mwenyewe kabisa. Sissela Bok, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu uongo, anataka uongo wowote unaodai kuhesabiwa haki uweze kusimama mbele ya watu wenye busara, wakiwemo wale wanaodanganywa. Mimi niliupunguza ukubwa ukatosha kwenye gemu. Risasi ya kwanza ya BioShock inapita, ingawa kwa shida kidogo. Asilimia za Fire Emblem zinanitia mashaka, maana pale mchezaji anapewa namba, na namba ni ahadi. Ushindi wa kuachiwa haupiti.

Kwa nini ushindi uwe tofauti na kuruka? Mwanafalsafa Bernard Suits, ambaye kitabu chake juu ya michezo nacho ni cha mwaka 1978, alisema kucheza ni kujitolea kwa hiari kuvuka vikwazo visivyo vya lazima. Hakuna anayehitaji kuhamisha kete kutoka shimo hadi shimo. Tunavitaka vikwazo vyenyewe, kwa sababu bila hivyo kuvivuka hakupo. Ukimwondolea mtu kikwazo kimya kimya halafu ukampigia makofi, umempa picha ya kitu alichokijia, ukakiweka chenyewe pembeni.

Hoja iliyonisumbua zaidi ilikuwa ya babu wa kweli, yule anayemwachia mjukuu wake ashinde. Je, naye ni mwongo? Nadhani wengi wetu tumeshinda hivyo, na tulipojua hatukumchukia mtu. Lakini tazama anavyofanya. Anaacha huku anakonyeza wakubwa waliokaa pembeni, anaacha mara chache kila mwaka unavyopita, na siku moja anacheza kweli ili ujue umefika wapi. Anakubeba akiwa anajua atakushusha. Fanksheni yetu haikuwa na siku ya kushusha. Ilikuwa na lengo moja, uendelee kukaa pale.

Na hapo ndipo suala linapoacha kuwa la wanafunzi wanne. Kukaa kwako kuna bei mahali pengine. Mwaka 2017 kampuni ya Activision ilipewa hataza Marekani ya mfumo wa kuwapanga wachezaji kwa namna itakayowavuta kununua vitu ndani ya gemu. Yenyewe ilisema haijautumia katika gemu yoyote, na sina sababu ya kuikatalia. Lakini wazo limeshaandikwa na kupigwa mhuri: nani akufunge, na nani umfunge, vinaweza kupangwa na mtu anayetaka pesa yako. Kila ninapopita kwenye vibanda vya mashine za kamari, zile tunazoziita dubwi, nikaona vijana wa rika langu wakilisha sarafu, huwaza kwamba tofauti kati ya fanksheni ya “beba” na mashine ile haiko kwenye msimbo. Msimbo unaweza kuwa ule ule. Iko kwa nani ameshika ufunguo, na anataka nini kwako.

Haya yote yangebaki maneno ya kwenye daladala kama si dada mmoja anayesomea uuguzi. Alikuwa katika kikundi cha pili cha majaribio. Kwao Pangani baba yake anacheza bao kila jioni, lakini yeye hakuwahi kukaribishwa ubaoni. Alijifunza kwa kuchungulia wakati akipeleka kahawa. Alifungwa na Babu mara mbili, mara ya tatu akamfunga. Alipiga skrinishoti akamtumia baba yake WhatsApp. Dakika chache baadaye likarudi jibu la sauti, akaliweka kwa nguvu tukasikia wote: mzee anacheka, kisha anauliza, “Nani kakufundisha wewe?”, kwa sauti ya mtu anayefikiria upya jambo la miaka mingi.

Sisi wanne tukatazamana. “Beba” ilikuwa imewashwa.

Aliyeiandika alisema tumwache na furaha yake, na kwamba kumwambia ni ukatili unaojiita ukweli. Sikulipuuza hilo. Kuna watu wanaopenda kusema ukweli kwa sababu unauma, na sikutaka kuwa mmoja wao. Lakini ushindi ule ulikuwa umeshatoka mikononi mwetu, ulikuwa umefika Pangani, na mtu pekee aliyepaswa kuamua ufanywe nini alikuwa hajui kwamba kuna la kuamua. Kumficha kulimaanisha kumwamulia. Nilimfuata kesho yake na laptopu.

Nilitegemea hasira au aibu. Alinyamaza kidogo, akauliza: “Hatua ipi?”

Kumbukumbu ya mchezo tulikuwa nayo, kila zamu imeandikwa. Tuliifungua pamoja. Babu alikuwa ameacha mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa zawadi ya wazi, aliacha kula alipoweza kula kete nyingi na kula chache. Mara ya pili alifungua nyumba yake. Mara ya tatu hatua aliyoiacha na ile aliyoicheza zilitofautiana kwa kete moja tu, na jibu la yule dada, tulipomuuliza Babu asiyebeba, ndilo hilo hilo ambalo Babu mwenyewe angelicheza. Na zamu tisa za mwisho hakukuwa na kubebwa kokote. Alikaa na ubao ule muda mrefu. Kisha akaniambia nirudishe mchezo mpaka ile zamu ya pili, nizime “beba”, aendelee kuanzia hapo. Akafungwa. Akarudisha tena, akafungwa kwa tofauti ndogo. Akaondoka kwenda zamu yake hospitalini, keshokutwa akarudi. Alichomwambia baba yake sikumuuliza.

Tulichokiweka kwenye toleo la mwisho hakikuwa uvumbuzi wetu. Bao lenyewe lilikuwa limeshalijibu swali kabla hatujazaliwa. Kuna bao la kujifunza, ambamo kete zote zinapangwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili, na mwanagenzi anaruka ule ugumu wote wa kunamua. Hapewi ushindi wa bandia katika mchezo wa wakubwa. Anapewa mchezo mwingine, wenye jina lake, na kila mtu kijiweni anajua anacheza upi. Wabunifu wa Celeste, gemu ya mwaka 2018 ya kupanda mlima, walifika karibu na hapo kwa njia yao: wameweka msaada unaoweza kuuwasha mwenyewe, ukapunguza kasi ya gemu au hata ukawa hufi, na ni wewe unayejua umewasha nini. Kwa hiyo sisi tuliingiza bao la kujifunza, na kwenye bao kubwa tukaweka kitufe kilichoandikwa “Nibebe”. Ukikibonyeza, Babu anaacha kama zamani, ila shimo analoliacha linawaka na yeye anasema, “Hii nakuachia.” Sauti ni ya mjomba wa mmoja wetu, ilirekodiwa kwa simu jikoni, na kuku anasikika nyuma.

Mwenzetu wa michoro hakukubali mpaka mwisho, na hoja yake ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote. Katika majaribio ya tatu, karibu hakuna aliyebonyeza kitufe. Watu walikitazama, wakaona aibu, wakafungwa, wakaondoka. Wale ambao “beba” ya siri ingewafundisha bao kwa wiki mbili walijifunza kwamba bao si lao. “Umeulinda ukweli,” aliniambia, “na umempoteza mchezaji.” Nilimjibu kwamba labda tubadilishe maandishi ya kitufe, tuondoe ile aibu, na tukajaribu “Nifundishe”. Waliobonyeza waliongezeka kidogo. Si sana.

Tulikabidhi hivyo. Aliomba ripoti iwe na aya moja ya kutokubaliana, yenye jina lake, na sote tukaona ni haki yake. Laptopu yake ilikuwa kwa fundi wiki hiyo, kwa hiyo aya hiyo alinisomea kwa simu na mimi ndiye niliyeichapa, neno kwa neno, pamoja na mahali anaposema kwamba mimi sijawahi kufungwa na Babu mara mbili mfululizo na ndiyo maana naona ni rahisi.